Macho ya baba mkwe yamekuwa manjano, naye amenikataza kusema kliniki

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka minane na mwingine mitatu. Tunaishi Mafinga, nyumbani kwa baba mkwe. Mume wangu ni dereva wa lori, anapeleka mizigo Zambia na Kongo, akiondoka hatumwoni kwa wiki tatu au nne. Mama mkwe alishafariki. Nyumbani tupo mimi, watoto, shemeji yangu mdogo anayefanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na baba mwenyewe, ambaye ana miaka 63.

Wiki tano zilizopita baba alikutwa na TB ya mapafu. Alikuwa amekonda, mizani ilionyesha kilo 52. Akaanzishiwa vidonge vya mseto, vitatu kila asubuhi kabla ya kula, nami nikachaguliwa kuwa msimamizi wake kwa kuwa ndiye ninayeshinda nyumbani. Nampa vidonge, nangoja ameze, naweka alama ya vyema kwenye kadi. Nesi alinisisitizia kwamba asiruke hata siku moja, maana akiruka TB inakuwa sugu. Neno hilo halinitoki kichwani.

Wiki mbili za mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Homa ilikatika na kikohozi kikapungua. Wiki ya tatu magoti na mabega yakaanza kumuuma, akawa anamtuma mtoto duka la dawa. Tangu hapo anameza Panadol mbili asubuhi, mbili mchana na mbili usiku. Juu yake anaongeza kidonge kingine cha maumivu, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Pakiti yake nimeisoma, ni diklofenaki 50 na parasetamoli 500. Wiki hiyo hiyo shangazi wa mume wangu alileta mizizi iliyochemshwa, chupa ya lita moja na nusu, ya kusafisha damu. Anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Ulanzi nao hajauacha. Sasa ni msimu wake, kila jioni anapitia kilabuni, anasema anaonja tu.

Tangu wiki iliyopita hataki chakula. Nikikaanga vitunguu anainuka na kwenda kukaa mbali. Kutwa nzima kichefuchefu. Anajikuna mikono na mgongo. Mchana anasinzia kwenye kiti, usiku namsikia akizunguka uani. Juzi alikuwa amekaa barazani na mwanangu mkubwa, mtoto akasema kwa sauti, "Babu, macho yako yamekuwa njano." Akamfukuza. Nilipompelekea chai nikaangalia kwa kuibia, ni kweli, manjano kabisa.

Habari ya mkojo siijui. Nesi alisema dawa itaufanya mwekundu na tusiogope. Lakini sasa ukoje? Mimi ni mkwe, siwezi kumwuliza baba mkwe mambo ya choo.

Jioni ile akaniita. Akasema, "Mwanangu, haya ya macho usiyapeleke kliniki." Akamtaja jirani yetu aliyepelekwa hospitali akiwa na macho hayo hayo, hakurudi. Tarehe yake ya kliniki ni baada ya siku tisa. Mume wangu nilimpata kwenye simu akiwa Tunduma, akasema nisubiri arudi.

Nikimpa vidonge naona kama namuua. Nisipompa naona kama namtengenezea TB sugu, na watoto wangu wanalala humo humo. Nikisema kliniki nimemvunjia heshima mzee aliyenipokea kama binti yake. Nifanye nini? Na ile kadi, siku ambayo sijampa dawa naijazaje?

Mkwe, Mafinga

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako haikungoja zamu ya kuchapishwa. Siku ilipofika tulikutumia ujumbe mfupi: mzee afikishwe kituoni leo hii, dozi inayofuata isitolewe kabla hajaonekana, na Panadol, kidonge kile kingine, mizizi na ulanzi visimame tangu sasa. Hapa tunaeleza sababu, kisha tunaligusa lile ambalo ujumbe wa simu hauwezi kulibeba, yaani wewe unasimama wapi kati ya mzee na kliniki.

Macho umeyaona wewe, na mtoto ameyaona kabla yako. Lakini katika barua nzima, mstari uliotushtua zaidi ni ule ulioupitia haraka, kwamba mchana anasinzia na usiku anazunguka uani. Inawezekana ni kuwashwa tu kunamnyima usingizi, maana nyongo ikirudi kwenye damu ngozi huwasha na usiku huzidi. Inawezekana pia ni ubongo unaanza kuguswa na sumu ambazo ini lilipaswa kuziondoa. Usiku na mchana kubadilishana ni mojawapo ya dalili za mwanzo za ini kushindwa. Kuna jambo ambalo hata shemeji anaweza kulifanya bila kumvunjia mzee heshima. Amwombe anyooshe mikono mbele, vidole vikiwa wazi na viganja vimeinuliwa kama mtu anayesimamisha basi, akae hivyo kama nusu dakika. Viganja vikiwa vinaanguka na kuinuka vyenyewe, au mzee akiwa anachanganya siku na majina, au anatapika kila kitu, au fizi zinatoka damu, au choo ni cheusi kama lami, hapo si suala la kliniki ya TB tena. Ni gari na hospitali yenye kulaza, hata kama ni saa nane usiku. Viganja vikitulia, safari ya kituoni iko pale pale.

Sasa vidonge. Kila kidonge cha mseto kina dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Tatu za kwanza zote zinaweza kuumiza ini, na pirazinamidi ndiyo inayolaumiwa zaidi. Ethambutoli haina kesi kubwa hapo. Mara nyingi madhara hujitokeza ndani ya miezi miwili ya mwanzo, nanyi mko wiki ya tano. Hatari huongezeka kwa mtu mwenye umri mkubwa, aliyekonda, anayekunywa pombe, au mwenye virusi vya homa ya ini B au C mwilini bila kujua. Mzee wako ana vitatu vya kwanza. Cha nne ni maabara itakayosema.

Jambo hili si geni kwa madaktari. Mwaka 1970 huko Washington, Marekani, watu 2,321 walipewa isoniazidi peke yake kama kinga. 19 kati yao waliugua ini na wawili wakafariki. Ndiyo maana wanaoanza dozi huelezwa dalili za kuangalia. Huenda nesi wako naye alizieleza, ila neno "sugu" likawa zito kuliko mengine yote aliyoyasema. Tunaelewa. Lakini tazama alichokukataza hasa. Kinacholeta usugu ni mgonjwa kuacha na kurudia kimya kimya, kumeza leo na kuruka kesho, au kupunguza vidonge bila kuambiwa. Kliniki yenyewe ikisimamisha dawa zote nne kwa pamoja, ikaandika tarehe na kupanga siku ya kuzirudisha, hilo ni tendo jingine na limo kwenye mwongozo wao. Dozi inaweza kurefuka, lakini huyo si mtoro.

Usilolijua kuhusu mkojo nalo lina njia. Nesi alisema kweli, rifampisini huupaka mkojo rangi ya chungwa au nyekundu, pamoja na jasho na machozi. Rangi hiyo hukolea saa chache baada ya kumeza na hadi jioni huwa imepungua. Mkojo wa ini ni mwingine. Ni wa kahawia, kama chai ya rangi iliyokaa jikoni muda mrefu, na haubadiliki asubuhi wala jioni. Ukiwekwa kwenye chupa nyeupe ya plastiki, ukashikwa mbele ya karatasi nyeupe kwenye mwanga na kutikiswa, hata povu lake linakuwa njano. Choo kikubwa nacho kinaweza kupauka kama udongo wa mfinyanzi. Hayo usiyaulize wewe. Shemeji anaweza kumwambia, "Baba, kliniki wanataka mkojo kwenye kopo," naye ataleta, kwa kuwa kopo la makohozi alishalizoea. Ila rangi ya mkojo isiwe sababu ya kuahirisha safari. Macho yakishakuwa manjano, mkojo hauongezi wala haupunguzi uamuzi wa kwenda.

Macho yenyewe, kama unataka uhakika, yaangaliwe nje kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa ya ndani inayotoa mwanga wa njano. Kope ya juu ikiinuliwa kidogo, mzee akatazama chini, weupe wa jicho uliofichika pale juu ndio unaosema kweli. Sehemu ya mbele ya jicho kwa wazee wengi ina ukahawia wa jua na vumbi, na huo hudanganya.

Kichefuchefu nacho kina namna mbili, na kwa anayesimamia dozi ni vizuri kuzijua. Kile cha tumbo kukasirishwa na vidonge huja mapema baada ya kumeza, mchana kinakwisha, na uji mwepesi hukipunguza. Cha ini hakina saa. Mtu anakichukia chakula chenyewe, hasa mafuta na vya kukaanga, anachoka, na pengine anahisi uzito chini ya mbavu za kulia. Vitunguu vyako vimetueleza mengi.

Hapa tungeomba uongeze kitu kwenye hesabu yako. Umeandika kana kwamba vidonge vya TB ndivyo vinavyoshtakiwa peke yake, lakini mzee anameza vingi zaidi ya hivyo. Panadol sita kwa siku, miligramu 500 kila moja, ni 3,000. Kile kidonge kingine mara mbili kinaongeza 1,000 za parasetamoli, jumla 4,000. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa kwa mtu mzima aliyeshiba na mwenye ini zima. Kwa mtu aliyekonda, asiyekula na anayekunywa pombe, waganga wengi hawavuki 2,000 kwa siku, yaani vidonge vinne, na macho yakiwa manjano huanzia sifuri mpaka daktari aseme. Sababu ni hii: ini linapoivunja parasetamoli, sehemu ndogo hugeuka kuwa sumu kali, na ini huizima kwa akiba yake ya glutathioni. Njaa na unywaji wa muda mrefu hupunguza akiba hiyo. Na kimeng'enya kinachoitengeneza ile sumu huongezwa nguvu na pombe, na isoniazidi nayo inakichochea. Kwa hiyo vidonge ambavyo jirani anameza bila shida, kwa baba mkwe vinaweza kuwa vingi mno. Diklofenaki nayo, ambayo iko kwenye kidonge kile cha pili, imo kwenye orodha ya dawa zinazoweza kuumiza ini zenyewe. Mwambie daktari kiasi hiki waziwazi, kwa sababu sumu ya parasetamoli ina dawa yake, asetilisisteini, na dawa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Na yale maumivu ya magoti na mabega yaliyomfanya akimbilie duka la dawa, kuna uwezekano mkubwa yanatokana na dozi. Pirazinamidi huzuia figo kutoa asidi ya yuriki, ikajikusanya na kuuma viungoni. Angeyasema kliniki wiki ile ya tatu, yangetafutiwa njia. Hatusemi haya kumlaumu. Wengi hudhani maumivu ya mwili si habari ya kumpelekea nesi wa TB. Kama pia analalamika ganzi au kuchomachoma nyayoni, hiyo ni isoniazidi, na hutibiwa kwa vitamini B6. Uliza kama anaipata.

Mizizi tusiihukumu bila kuijua. Shangazi ameileta kwa nia njema, na huenda mti wenyewe hauna neno. Shida ni kwamba hakuna anayejua ni mti gani, umechemshwa kwa nguvu kiasi gani, wala unakutana vipi na dawa zinazopita kwenye ini lile lile. Usiimwage. Ifunge, uende nayo. Mganga akiiona chupa anauliza vizuri zaidi kuliko akiambiwa tu "alikunywa miti shamba". Halafu macho ya manjano yana njia nyingine ambazo hazina uhusiano na dawa yoyote: homa ya ini A, B au E, malaria kali, mawe kwenye nyongo, hata mahindi yenye ukungu wa sumukuvu. Kwa hiyo usishangae wakimpima malaria na homa ya ini kabla ya kutaja TB.

Sasa turudi kwako. Unasema ukienda kliniki umemvunjia heshima. Tunaliuliza kwa upole: mzee alikukataza kwa sababu gani? Hakusema dawa zimemchosha, wala hakusema hataki kupona. Alimtaja jirani aliyekwenda na hakurudi. Huyo ni mtu anayeogopa hospitali kama mahali pa kufia, na woga huo unajibika. Daktari Mmarekani Hyman Zimmerman alibaini miaka mingi iliyopita kwamba chembe za ini zikiumizwa na dawa hadi mtu akawa na manjano, takriban mmoja kati ya kumi hufariki. Namba hiyo ni kubwa, lakini maana yake nyingine ni kwamba wengi wanapona, na silaha ya kwanza ni kusimamisha dawa mapema. Jirani yenu hatujui aliumwa nini wala alifika katika hali gani. Mzee naye hajui.

Njia ulizonazo ni kadhaa na kila moja ina gharama yake. Ya kusubiri siku tisa tumeshaisema, ini haliangalii tarehe ya kadi. Kumsubiri mume ni kusubiri huko huko kwa jina lingine, ingawa yeye anaweza kusaidia akiwa mbali. Ukimpata tena, usimwulize "nifanye nini", mweleze: macho ni manjano, hali chakula, usiku halali, naomba umpigie baba umwambie wewe ndiye unayetaka aende leo. Mzee anaweza kumkatalia mkwe, lakini mwana mkubwa akimwomba kwa simu anapata pa kukubalia bila kujiona ameshindwa. Hatari yake ni mtandao wa barabarani, na pia shangazi anaweza kuwa ameshaongea naye kabla yako. Kwa hiyo usiifanye kuwa njia pekee.

Shemeji yupo karibu zaidi. Mwanaume kwa baba yake anaweza kuuliza ya mkojo, anaweza kumshika mkono kwenye bodaboda, anaweza kuketi naye kwa daktari akivua shati. Ukimshirikisha yeye, unabaki mkwe na yeye anabeba yale ya mwana. Atakosa siku ya kazi, na huenda atalalamika. Mjukuu naye ana ruhusa ya utani ambayo ninyi wakubwa hamna, na alishaitumia bila kutumwa. Tusingependa apewe kazi ya kumpeleleza babu yake, lakini akisema tena "babu, macho", usimnyamazishe.

Kumpigia nesi kimya kimya pia ni njia, na namba yake huwa kwenye kadi. Wengi huona hilo ni usaliti. Tunaliona tofauti kidogo: msimamizi aliwekwa ili kliniki ijue yanayotokea nyumbani, na mzee alikubali uwe msimamizi. Nesi akijua, anaweza kumwita au kumtembelea kwa jina la ufuatiliaji wa kawaida, akamwuliza macho, mkojo, pombe na miti shamba kama anavyomwuliza kila mtu. Hatari ni kwamba mzee atagundua. Wazee hugundua. Akigundua kwa njia ya pembeni, inaweza kumuuma kuliko angeambiwa usoni. Ndiyo sababu wapo watakaoona afadhali kusema kwanza. Ukichagua hivyo, kaa chini, mbele ya shemeji, useme kwa ufupi: "Baba, uliniambia nisiseme, na nimeheshimu kwa kutokwenda bila wewe kujua. Lakini dawa hizi nakupa kwa mkono wangu, na kwa macho haya mkono wangu hauwezi tena kukupa. Naomba twende pamoja, waseme wao kama zisimame." Usitaje ulanzi hapo. Ukiutaja, mazungumzo yatakuwa ya ulanzi.

Ipi kati ya hizi, utaijua wewe unayemjua mzee. Tunachoomba ni kwamba utakayochagua impeleke leo. Ikikataa ya kwanza kufikia mchana, nenda kwenye ya pili bila kujiona mkosaji.

Mtakapokwenda, beba kadi, pakiti zote za dawa hata zilizokwisha, chupa ya mizizi, na karatasi yenye tarehe: dozi ilianza lini, maumivu lini, Panadol lini na ngapi, hamu ya kula ilipotea lini, macho yalionekana lini. Tarehe hizo husaidia kumjua mkosaji kuliko kipimo kimoja. Damu itapimwa ALT, AST, bilirubini, yaani ile rangi ya njano yenyewe, na kama mashine ipo, INR, yaani muda wa damu kuganda. ALT, kama mwenzake AST, ni kimeng'enya kinachokaa ndani ya chembe za ini. Chembe zikiumia kinavujia kwenye damu. Maabara nyingi huweka mwisho wa kawaida karibu na 40. Mwenye dalili hufikia kusimamishiwa dawa akivuka mara tatu, yaani 120 hivi. Asiye na dalili yoyote, mara tano, 200 hivi. ALT kupanda kidogo bila dalili ni kawaida kwa wanaomeza isoniazidi, kati ya 10 na 20 kwa kila 100, na hushuka yenyewe wakiendelea na dawa. Mwenye macho ya manjano hayumo katika kundi hilo. Kama kituo hakina mashine, sampuli au mgonjwa mwenyewe hupelekwa hospitali ya wilaya. Msikubali kurudi nyumbani na dawa ya kichefuchefu peke yake.

Dawa zikisimama, hakuna kidonge cha kusafisha ini, na chupa zinazouzwa kwa jina hilo ziacheni. Ini hupumzishwa na likajirudisha lenyewe. Mzee ale kidogo kidogo mara nyingi, uji, ndizi, mayai, maharage, chochote anachokubali, na vya kukaanga vingoje. Kama TB yake ni kali kiasi kwamba haiwezi kuachwa bila ulinzi, kliniki ina dawa za muda zisizochosha ini, kama ethambutoli na levofloksasini. Kama ameanza kupata nafuu ya kifua, mara nyingi wanaweza kungoja.

Kurudisha dawa ndipo panapoharibika mara nyingi. Mzee anajisikia vizuri, macho yanaanza kuwa meupe, mtu nyumbani anachukua vidonge vya mseto vilivyobaki na kumwanzishia vitatu kama zamani. Zote nne zinaingia kwa siku moja, ini linaumia tena, safari hii pengine vibaya zaidi, na hakuna anayejua ipi ilikosea. Kwa hiyo vidonge vilivyobaki virudisheni kituoni. Utaratibu wao ni kungoja ALT ishuke chini ya mara mbili ya kawaida na manjano yaondoke. Pasipo na kipimo, ni wiki mbili baada ya manjano na maumivu ya tumbo kwisha kabisa. Kisha dawa hurudi moja moja. Huanza rifampisini, ambayo uwezekano wake wa kuumiza ini ni mdogo kuliko wenzake wawili nayo ndiyo nguzo ya tiba. Baada ya siku 3 hadi 7 inafuata isoniazidi, na ini hupimwa kila hatua. Mgonjwa aliyepata manjano akizivumilia hizo mbili, pirazinamidi huwa hairudishwi kabisa, na tiba nzima hurefuka hadi kama miezi 9 badala ya 6. Jiandaeni kwa hilo, mzee asilione kama adhabu. Vidonge vya dawa moja moja si kila kituo kinavyo, kwa hiyo ulizeni mapema kama mratibu wa TB wa wilaya ameshaarifiwa aviagize. Na waombeni wajaze taarifa ya madhara ya dawa kwa ajili ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kadi yako sasa. Siku ambayo hukumpa dawa, usiweke alama ya vyema, wala usiiache bila maelezo. Andika pembeni tarehe na maneno "imesimamishwa, macho manjano", na ukifika kituoni nesi athibitishe. Kadi yenye nafasi tupu na maelezo ni ya kweli kuliko iliyojaa.

Kuhusu watoto, mzee akiwa amemeza dozi vizuri kwa wiki tano, na kama TB yake ni ile inayosikia dawa hizi, uwezo wake wa kuambukiza umepungua sana, na kusimama kifupi chini ya kliniki si sawa na kutoroka. Fungueni madirisha mchana hata kama ni baridi ya Mafinga. Lakini hujatuambia kama huyu wa miaka mitatu alichunguzwa. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi na mgonjwa wa TB hupimwa, na akionekana hana ugonjwa huanzishiwa dawa ya kinga. Siku hiyo hiyo mkienda, mbebe.

Na majibu ya damu yakitoka, omba wakuandikie namba zenyewe nyuma ya kadi, ALT ngapi, bilirubini ngapi, tarehe gani. Mkiambiwa tu kwamba ini limechoka kidogo, wiki ijayo hamtakuwa na cha kulinganisha nacho.